Maji yaingie kwa ruhusa

Mjomba wangu ni fundi wa mashua kule Pangani, na tangu nipate akili nimemwona akipigana vita moja tu: maji yasiingie. Nilikuwa na miaka tisa aliponipa kazi ya kusokota pamba na kuichovya kwenye mafuta. Yeye aliishindilia katikati ya mbao kwa nyundo na patasi butu, ubao kwa ubao, mpaka mshono mzima ukigongwa unatoa mlio mmoja. Hiyo ndiyo kalafati. Chombo kikishalala majini usiku wa kwanza, asubuhi kabla ya chai swali lake lilikuwa lile lile: "Kimeingiza maji?" Mimi ndiye niliyeshuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kuchungulia, na jibu alilolitaka lilikuwa moja tu.

Sasa naishi Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, nafanya kazi kwenye kiwanda cha boti za faiba. Kwa miaka mitatu, jioni na Jumamosi, nimekuwa nikiunda nyambizi ya rimoti yenye urefu wa karibu mita mbili. Ganda lake lina matundu 44, na yote nimeyatoboa kwa mkono wangu ili maji yaingie. Nilipomweleza mjomba kwenye simu alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nianze upya, polepole.

Naandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyewahi kushika faiba akajiuliza kama ukiacha boti na matangi ya maji kuna kingine cha kutengeneza.

Nyambizi niliyoifuata inaitwa USS Albacore. Kutoka Portland ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari kwenda kusini mpaka Portsmouth, New Hampshire, na huko utaikuta imekaa nchi kavu, nzima, watu wanakata tiketi na kuingia ndani. Siku ya kwanza nilisimama mbele yake nikashindwa kuondoka. Mimi nimekulia kwenye vyombo vyenye omo, yaani sehemu ya mbele, kali ya kupasua maji. Hii omo yake ni duara, nene, halafu mwili unapungua taratibu mpaka tezi, yaani nyuma, ambako unaishia kwenye rafadha, lile pangaboi la kusukuma chombo. Albacore ni jina la samaki wa jamii ya jodari, na ukiitazama kwa ubavu unakubali kwamba waliompa jina hawakukosea.

Nyambizi za Vita Kuu ya Pili zilikuwa kama meli za kawaida zilizojua kuzama kwa muda. Zilipokuwa juu zilikwenda mbio, chini zilijikokota. Albacore ilishushwa majini Agosti 1953, kwenye karakana ya jeshi la majini iliyoko Kittery, ng'ambo ya mto Piscataqua, na iliundwa kwa kazi ya chini tu. Haikuwa na silaha. Ilikuwa chombo cha kujaribia: walibadilisha mkia wake, wakaupa mapezi yenye umbo la X, wakaifunga rafadha mbili zinazozunguka kinyume, na mwaka 1966 ikafikisha noti 33 chini ya maji, yaani kama kilomita 61 kwa saa. Baharia aliyekuwa akiiongoza alishika usukani wa mtindo wa ndege. Ilistaafu mwaka 1972, na umbo lake ndilo lililorithiwa na nyambizi za Marekani zilizofuata.

Lakini kilichoniingia zaidi ni kwamba Albacore yenyewe ilianza ikiwa mfano. Kabla ya kuchorwa, wataalamu wa birika la majaribio la David Taylor, huko Maryland, walivuta majini mifano 24 ya miili ya duara, mmoja mnene kidogo, mwingine mrefu kidogo, wakitafuta umbo linalosumbua maji kidogo kuliko yote. Nilipolijua hilo niliona kazi ninayotaka kuifanya ina heshima yake. Chombo cha kweli kilizaliwa na vyombo vidogo, nami nakirudisha kilikotoka.

Nikachagua kipimo cha moja kwa 32. Mita 62 zinakuwa mita 1 na sentimita 94, na unene wa mita 8.3 unakuwa sentimita 26. Hapo kuna hesabu inayowachanganya wengi. Urefu unapungua mara 32, lakini uzito unapungua mara 32 kwa 32 kwa 32, yaani mara 32,768. Kila tani moja ya chombo halisi inageuka gramu 30 na ushee. Ndiyo maana mfano mdogo sana ni msumbufu: msumari mmoja ukizidi, umeshaharibu mizani. Kwenye chombo kikubwa una nafasi ya kukosea kidogo na kusahihisha. Ninaposikia mtu anataka kuanza na nyambizi ya sentimita 40 kwa sababu "ni rahisi", huwa namwomba afikiri tena.

Sasa umbo. Ukiondoa mnara, mapezi na ukanda mwembamba wa juu, mwili wa Albacore ni wa kukereza, kama mguu wa kitanda cha Kizanzibari. Kwa hiyo sikuchonga, nilikereza. Nilichukua bomba la chuma, nikavisha visahani vya foma ngumu mmoja baada ya mwingine, nikapaka puti juu yake, nikaliweka bomba juu ya vigingi viwili lizunguke. Pembeni nikasimamisha ubao wa plaiwudi uliokatwa kwa mchoro wa ubavu wa nyambizi. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unapaka, na ubao unakwangua kilichozidi. Paka, zungusha, acha ikauke, piga msasa, paka tena. Kazi hiyo ilichukua majira ya baridi mazima. Mwishoni nilikuwa nafumba macho na kupitisha kiganja kutoka omo mpaka tezi, kwa sababu jicho hudanganywa na mwanga, ila kiganja kinakwambia bonde liko wapi. Hilo nilifundishwa Pangani.

Juu ya mwili huo ndipo unapotengeneza kalibu, yaani umbo tupu la kulazia faiba, na ndani ya kalibu ndipo unapotengeneza ganda. Hapa niliumia. Kazini kwetu kalibu nazikuta tayari, zimeshatumika mara mia, zimeshiba nta. Sikuwahi kuandaa mpya. Nikapaka nta mara mbili nikidhani inatosha, nikamwaga jelikoti, ile resini nzito ya tabaka la kwanza, nikalaza mati ya nyuzi za faiba, nikasubiri. Kalibu ikashikana na mwili kana kwamba vimezaliwa pamoja. Nilipiga kabari za mbao, nikapuliza hewa, nikamwaga maji ya moto, na mwisho nikachukua msumeno. Miezi minne ya kukereza ikaenda na pipa la taka. Safari ya pili nilipaka nta mara saba, nikiiacha ikauke na kuing'arisha kila mara, kisha nikapaka ile dawa ya majimaji inayoacha utando kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kalibu ikaachia kwa mlio mmoja mkubwa, kama ubao unaopasuka. Sijasikia sauti nzuri zaidi katika kazi hii.

Kwa ambaye hajawahi kulaza faiba, nieleze kinachotokea kwa karibu. Mati ikiwa kavu ni nyeupe, huoni chini yake. Unapaka resini iliyochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, unailaza mati, unagonga kwa ncha ya brashi, usiburute. Baada ya dakika mbili weupe unaanza kufa. Inakuwa kama karatasi iliyofungiwa maandazi ya moto, mafuta yanapopita na ukaona vidole vyako upande wa pili. Palipobaki peupe pana hewa, na hewa ndani ya ganda la nyambizi ni adui, maana itasukumwa na maji mpaka tabaka ziachane. Unapitisha rola ya chuma kutoka katikati kwenda nje, unaisikia hewa ikilia inapotoka. Resini usichanganye nyingi kwa pamoja. Ikiwa imejaa kwenye ndoo inajipasha joto yenyewe, inaweza kuganda huku inatoa moshi kabla hujatumia nusu. Vaa barakoa ya mivuke, si ya vumbi tu, na mikono mirefu, kwa sababu faiba ikikuwasha leo itakuwasha na kesho.

Ganda langu lina unene wa milimita tatu, vipande viwili, cha juu na cha chini, vinavyoshikana kwa skrubu.

Nilipofika hapo ndipo nilipolazimika kugeuza akili yote niliyokuja nayo kutoka nyumbani. Kuna njia mbili za kuunda nyambizi ya rimoti. Ya kwanza ni kuziba ganda lote liwe kavu. Inavutia kwa mtu wa kalafati, lakini piga hesabu: ganda kubwa namna hii likiwa na hewa tupu ndani linahitaji zaidi ya kilo 50 kulizamisha. Utalijaza madini ya risasi, utalibeba na watu wawili, na mshono wote wa mita mbili kila upande usivuje hata tone. Njia ya pili ni kuyaacha maji yajae ganda zima, na vitu vyote vinavyoogopa maji, yaani betri, mota, risiva ya kupokea mawimbi ya rimoti na vile vimota vya kugeuza mapezi, uviweke ndani ya bomba moja la akriliki lenye vifuniko na oringi, zile pete za mpira za kuzuia maji. Badala ya kulinda mita nne za mshono, unalinda vifuniko viwili vya duara na vitundu vya fito zinazotoka nje.

Ganda likishajaa maji, maji yaliyomo ndani hayana uzito wowote majini. Kinachobaki kuhesabiwa ni faiba yenyewe, bomba, farumi, yaani uzito wa chini wa kutuliza chombo, na vipande vya foma nilivyobandika juu ili chombo kisimame wima. Ili kizame, unahitaji kuingiza ndani ya tangi maji yanayolingana na ujazo wa vile vitu vigumu tu vinavyochomoza juu ya maji kinapoelea: unene wa faiba ya mgongoni na mnara. Nilipima mara tatu kwa sababu sikuamini. Lita moja na nusu. Chupa moja ya maji ya dukani, na chombo cha mita mbili kinateremka taratibu mpaka karibu hakionekani.

Tangi langu ni kama bomba la sindano. Mota ndogo inavuta pistoni, maji yanaingia, inasukuma, yanatoka. Nikitaka gramu 20 zaidi, napata gramu 20. Pia nimekiacha kiwe chepesi kidogo hata tangi likijaa, ncha ya mnara inabaki nje kama kidole. Kinachokipeleka chini kabisa ni mwendo: rafadha inasukuma mbele, mapezi yanainamia chini, nacho kinazama kama ndege inayoshuka. Mota ikizima, kinapanda chenyewe.

Hilo sikulifanya kwa urahisi wa kazi. Karakana ile ile ya Kittery ndiyo iliyounda nyambizi ya nyuklia Thresher, iliyopotea tarehe 10 Aprili 1963 mashariki ya Cape Cod ikiwa na watu 129. Wachunguzi walifikiri kwamba bomba la maji ya bahari lilipasuka, mtambo ukazima, mwendo ukaisha, na walipojaribu kupuliza hewa kwenye matangi ili wapande, unyevu uliokuwa kwenye hewa hiyo uligeuka barafu na kuziba njia. Kule Kittery wamesimamisha mlingoti wa bendera wenye futi 129, futi moja kwa kila mtu. Nilisimama chini yake nikiwa bado sijaamua tangi la aina gani niweke. Nikaamua pale pale kwamba chombo changu hakitategemea mwendo ili kipande. Mawimbi ya rimoti yakikatika kwa sekunde tatu, pistoni inatoa maji bila kuambiwa, na ina betri yake peke yake.

Kuhusu mawimbi, hapa ndipo watu wa pwani tunapopata pigo. Rimoti nyingi za leo hutumia gigahetsi 2.4, na mawimbi hayo hufia kwenye sentimita chache za maji. Kwa hiyo watu wa nyambizi tunatafuta mitambo ya zamani ya mawimbi ya chini. Mimi natumia megahetsi 75, ambayo hapa Marekani imetengwa kwa boti na magari ya mfano, na kwenye ziwa inafika mita kadhaa chini bila taabu. Lakini ni kwenye maji baridi tu, yaani yasiyo na chumvi. Chumvi hupitisha umeme, na maji yanayopitisha umeme huyameza mawimbi. Baharini, megahetsi 75 hufifia ndani ya sentimita chache. Nyambizi halisi zina tatizo hilo hilo: Marekani iliwahi kuendesha stesheni huko Wisconsin na Michigan zilizotuma ujumbe kwa hetsi 76 tu, zikazimwa mwaka 2004, na antena yake ilinyooshwa kilomita nyingi kukatiza misitu.

Basi mimi, mtoto wa Pangani ninayeishi hatua chache kutoka Atlantiki, chombo changu hakiijui bahari. Nakiendesha ziwani, kuanzia Mei mpaka Oktoba, kabla barafu haijafunga. Kila ninapofikiria hili namkumbuka aliyeko Kigoma. Ziwa Tanganyika lina maji baridi, na ni maangavu kiasi kwamba ungeiona nyambizi ikipita chini yako. Ila uifunge kamba siku za mwanzo, kwa sababu kina chake kinapita mita 1,400 na hakuna wa kukuzamia.

Nilikishusha mara ya kwanza Juni mwaka jana. Kilizama kama nilivyokiota. Kilikwenda umbali wa mita thelathini kikiwa chini ya maji, kivuli kirefu cha kijani, kikageuka, kikarudi. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Nikatoa maji kwenye tangi ili kipande. Mgongo ukachomoza, na papo hapo chombo kikalala ubavu wa kulia, mnara ukagusa maji. Kikakaa hivyo kama dakika nzima, ndipo kikajiinua polepole. Nikarudia mara tano. Mara zote tano kililala.

Nikaongeza risasi chini. Kikalala. Nikahamisha betri. Kikalala. Wiki ya pili nikamtumia mjomba video, akanipigia ilipokuwa kwake saa nne usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Nimekiona chombo chako. Kuzama kinajua. Kupanda ndiko hakujafundishwa."

"Nimeongeza farumi, mjomba, bado kinalala."

"Farumi iache, haina kosa. Tazama mgongo unapotoka. Tangi lako limeshakuwa tupu, lakini ganda bado limejaa, na maji yale sasa yako juu ya maji ya ziwa. Kinainuka na mtungi kichwani. Nani atainuka na mtungi umejaa asiyumbe?"

Sikuwa na jibu.

"Mataruma, zile mbavu za chombo, umeyaona tangu mtoto. Kila taruma tunaliachia nini pale linapokutana na mkuku, ule uti wa chini?"

"Tundu."

"Kwa nini?"

"Maji yashuke ngamani."

"Haya. Yako yanashukia wapi?"

Nilikuwa nimetoboa matundu 20 ya milimita nane, nikayaona mengi. Maji yalipita, lakini polepole kuliko chombo kilivyopanda, na yakiwa majini hayana uzito, ila yakishainuliwa juu ya uso wa ziwa kila lita ni kilo. Tena juu nilikuwa nimeacha vitundu vidogo mno, hewa haikuwa na pa kuingilia kuchukua nafasi ya maji yanayotoka. Ni sawa na kumimina mafuta kwenye dumu lisilo na tundu la hewa.

Jumamosi hiyo nilikipindua juu ya benchi nikachukua dreli. Nilitoboa kando ya mkuku, pande zote mbili, nikapanua ya zamani mpaka milimita 14, nikafungua nafasi nyembamba nyuma ya mnara kwa ajili ya hewa. Kila kingo niliyoikata niliipaka resini, maana faiba iliyokatwa hunyonya maji kama uzi wa taa. Na kila tundu lilipotoboka niliona vumbi jeupe likimwagika kwenye sakafu nikasikia mwili wangu wote unakataa. Mikono iliyofundishwa kalafati haisahau upesi.

Nilirudi ziwani peke yangu, asubuhi, hakuna upepo. Nikakizamisha mpaka ncha ya mnara tu ikabaki nje, nikakiacha kitulie, nikasukuma pistoni. Mnara ulitoka, kisha mgongo, na kutoka kila tundu la ubavuni maji yakachuruzika kwa mistari iliyonyooka, kulia na kushoto sawasawa. Kilitikisika kidogo kikasimama. Nilisubiri mpaka mchirizi wa mwisho ukakatika, nikakirudisha ukingoni, nikakibeba kilo zake 18 nyasini, nikafungua bomba. Ndani kavu, hata jasho kwenye akriliki hakuna.

Kule Pangani ilikuwa alasiri. Alipokea kabla simu haijaita mara ya pili, na hakusubiri nimwamkie.

"Kimeingiza maji?"

"Kimeingiza, mjomba. Na kimeyatoa yote."

"Nitumie picha ya hayo matundu," akasema. "Ya chini, karibu na mkuku. Nione umeyapanga vipi."